Ungarol na Mgongo wa Binti Yangu

Mimi ni mtu wa ndani. Majirani zangu hapa Riruta husema ukiniona langoni mwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga kabla ya saa sita mchana, basi ama kuna moto ama maji ya mfereji yamerudi. Si uongo. Wengine walizaliwa na miguu ya kutembea, mimi nilizaliwa na makalio ya kukalia. Kwa hivyo babake binti yangu alipoamua kwamba ana maisha mengine ya kuishi mahali pengine, na ikanibidi nitafute riziki yetu sisi wawili, nilitafuta kazi ambayo haitaniomba nivae viatu.

Nikapata sabuni ya maji.

Naomba ieleweke kwamba kidato cha nne, somo la kemia, nilipata D, na hata hiyo nadhani msahihishaji alikuwa amechoka. Lakini sabuni ya maji haitaki kichwa, inataka mkono. Unashuka mjini hadi River Road, unaingia katika vile vichochoro vya maduka ya kemikali, unanunua ungarol, chumvi ya viwandani, rangi na manukato. Ungarol ni kitu kizito kama uji uliolala, kinateleza, kinang'ang'ania kijiko, na ndicho kinacholeta povu. Yeye na ndugu zake wamo katika karibu kila kitu kinachotoa povu bafuni mwako, kuanzia shampuu hadi dawa ya meno, ila wenye viwanda huwaandika nyuma ya chupa kwa majina marefu na herufi za kuumiza macho. Sisi wa ndoo na mwiko tunamwita ungarol, basi. Unamkoroga na chumvi upande mmoja, bila kugeuza mkono, mpaka mchanganyiko uwe mweupe na bega lako lianze kukutukana. Kisha unaongeza maji kidogo kidogo.

Aliyenifundisha ni mama mwenye duka moja la huko River Road, mwanamke mnene, mwenye koti la buluu la kazi na miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Aliniandikia vipimo kwenye kipande cha katoni, akanipa kwa mkono wa kulia na onyo kwa mkono wa kushoto.

"Usizidishe ungarol, mami. Sio povu inaosha."

Nenda ukawaambie hayo watu wa Dagoretti Corner. Wateja wangu wa kwanza walikuwa kina mama wa vibanda vya chakula pale, na mama wa kibanda hasomi katoni. Anachovya sponji, anaikamua mara mbili, anatazama. Wa kwanza alikamua yangu, akaitazama kwa huruma kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Hii imelala," akasema.

"Inaosha lakini."

"Inaosha ikiwa imelala? Peleka nyumbani ikaamke, halafu uniletee."

Nilirudi nyumbani, nikaongeza ungarol nusu tena ya vipimo. Sabuni ikaamka. Ikaamka mpaka ikawa inatoka kwenye karai yenyewe. Wateja wakafurahi, wakaniita Mama Sabuni, na mimi nikajiona mkemia ambaye mtihani ulimwonea. Kile kipande cha katoni nilikiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Sasa nikiri jambo ambalo kila mtengenezaji wa sabuni ya ndoo analijua na hakuna anayelisema. Sabuni ilikuwa moja. Ya kijani nilisema ni ya vyombo, ya manjano ya sakafu, na ya waridi, yenye harufu ya maua, nilisema ni laini, ya mikono na ya kuogea. Ndoo moja, mwiko mmoja. Tofauti ilikuwa rangi na porojo zangu. Kulikuwa na mteja mmoja wa mtaa wa Jamhuri aliyeiweka ile ya waridi kwenye sinki la wageni, ndani ya chupa ya kioo, akawa anaisifu kanisani. Nilizunguka na sifa hiyo wiki nzima, bila shaka nikiwa nimekaa.

Na kwa nini ninunue sabuni ya kuogea, mimi ninayetengeneza? Binti yangu alikuwa na miaka mitano, maneno mengi kuliko redio, na alioga kwa ile ya waridi. Alikuwa anajipaka povu kichwani hadi nywele zote ziwe nyeupe, kisha anainama, anashika kiuno.

"Mama, niangalie! Mimi ni susu."

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Alimaanisha mama yangu, anayeishi upande wa Machakos, na alimwiga vizuri kiasi kwamba nilikuwa naogopa ataniuliza mbona sijaolewa tena.

Upele ulianza nyuma ya magoti. Kisha ndani ya viwiko, kisha mgongo. Ngozi ikawa kavu, yenye magamba madogo, ikawa inapasuka katika mikunjo. Alijikuna akila, akajikuna akisoma, akajikuna usingizini mpaka shuka likapata madoa ya damu. Baraza la ploti likakutana kwenye kamba ya nguo bila kuitwa. Mama mwenye ploti, mwanamke wa Kikuyu anayejua magonjwa yote isipokuwa ule wake wa kuongeza kodi, alitoa hukumu ya kwanza.

"Ni mayai. Hawa watoto wa siku hizi mayai inawakataa."

Nikaondoa mayai. Upele ukabaki. Mwingine akasema ni maziwa, nikaondoa maziwa. Mwingine akasema omena, vile visamaki vya ziwani. Tukaondoa omena, tukaondoa njugu, tukaondoa sweta ya shule ya sufu, tukafukuza paka wa jirani ambaye hata hakuwa akiingia kwetu. Muhula mzima mtoto wangu aliishi kwa ugali na sukuma wiki, na paka wa watu ananitazama mpaka leo kama aliyedhulumiwa. Kila kitu kiliondoka nyumbani mwangu isipokuwa chupa ya waridi. Hakuna aliyeitazama. Ilikuwa yangu, nilijua kilichomo.

Tena kila alipojikuna nilimwogesha. Nilifikiri ni uchafu, ni jasho, ni vumbi la Naivasha Road. Nilimwogesha asubuhi, akirudi shule, na kabla ya kulala, na kila mara nilizidisha povu kwa sababu hali ilikuwa imezidi.

"Mama, inachoma."

"Ikichoma ndio inafanya kazi."

"Inachoma sana!"

"Kwani wewe ni sukari, utayeyuka? Geuka huku."

Nilisema kwa utani. Sisi kwetu tunataniana hata msibani. Tulilelewa kwa spiriti kwenye vidonda, tukaambiwa maumivu ni dalili ya dawa, na mimi nikamrithisha binti yangu elimu hiyo. Akawa ananyamaza. Anashika ukingo wa karai kwa mikono miwili, anafumba macho, ananyamaza. Nilimsifu kwamba amekuwa mkubwa.

Nilipompeleka kliniki, nilikuta benchi limejaa kina mama na masikio yao. Wawili kati yao walikuwa wateja wangu wa ile ya waridi. Walinisalimia kwa furaha, mmoja akaniambia chupa yake inaelekea kuisha. Chumba cha muuguzi kilikuwa hakina mlango, kina pazia, na pazia lilikuwa limefungwa kwa fundo ili hewa iingie. Muuguzi alikuwa msichana makini, mwenye kucha fupi safi. Alimvua binti yangu shati, akamtazama mgongo, akamgusa kwa nyuma ya vidole kana kwamba anagusa kitu kilichoandikwa.

"Anaogeshwa na sabuni gani?"

Swali lilikuwa hilo. Hakuna lingine alilouliza lililokuwa na maana, na aliliuliza la kwanza. Nilitazama benchi. Wale wawili walikuwa wakinitazama, wakitabasamu. Nikaona biashara yangu ikitembea kwa miguu yake kutoka Riruta. Nikaona pia, na hili ndilo linalonila, nikaona aibu tu. Aibu ya kumwambia msichana wa kucha safi kwamba namwogesha mtoto kwa kitu nilichokoroga jikoni kwenye ndoo ya rangi ya nyumba.

"Ile ya watoto," nikasema. "Ya kipande. Ya dukani."

"Sawa. Basi si sabuni."

Binti yangu alinitazama. Alikuwa na miaka sita kasoro, alijua sabuni yetu si ya kipande. Hakusema kitu. Alikuwa amekwisha kujifunza kunyamaza, nimeshasema.

Muuguzi alitupa mafuta ya kupaka, akasema labda ni maji ya kisima, labda ni vumbi. Halafu akauliza: "Uko na mahali unaweza mpeleka kidogo, tuone?"

Nilikuwa na mahali. Shule zilipofungwa nilimpeleka kwa mama yangu. Kule maji ni ya kubebwa, hayachezewi. Mama humwogesha mtoto kwa bakuli moja na kipande cha sabuni anachokata kwa kisu na kukitumia mpaka kiwe kama ukucha, kisha anampaka mafuta ya mgando akiwa bado na unyevu. Kabla ya wiki ya tatu kuisha alinipigia simu.

"Mwanangu, huyu mtoto amepona. Mgongo ni kama wa mtoto mchanga."

Nililia kwa furaha, nikaenda kumchukua, na kwa ajili ya kumpokea nilikoroga sabuni mpya ya waridi, nzito, sikubania ungarol hata kidogo. Niliona ni sherehe. Siku ya nane alikuwa amerudi kwenye magamba, na mashavu mara hii. Nikapanda naye tena basi. Mama yangu alitupokea kituoni, akamfunua mgongo pale pale mbele ya watu, akashusha pumzi.

"Nairobi imemkataa huyu," akasema. "Kuna watu mji huwakataa. Si kosa lako, mwanangu."

Si kosa lako. Nililala kwa amani juu ya maneno hayo karibu miaka miwili.

Aliandikishwa shule kule. Mwanzoni nilienda kila mwezi. Halafu kila kulipokuwa na nafasi, na mtu kama mimi hajui kuiona nafasi hata ikikaa mapajani mwake. Nilisema ni mvua, ni oda za sabuni, ni goti. Ukweli ni kwamba kila nilipoenda nilimkuta amepona zaidi na amekuwa wa huko zaidi, na mtu wa ndani hata huzuni yake hupenda aifungie ndani. Akaanza kumwita mama yangu mwaitu, yaani mama, kwa sababu ndivyo boma zima linavyomwita. Siku moja nilipiga simu, yeye ndiye aliyepokea, nikamsikia akiita uani:

"Mwaitu! Ni mama wa Nairobi."

Nilicheka kwenye simu. Nilimwambia mama wa Nairobi anasalimia watu wa Machakos. Kisha nikakaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima.

Ilikuwa River Road, kwenye duka lile lile, ndipo nilipoambiwa. Nilikuwa nimefuata ungarol kama kawaida. Nilipoweka mkono kwenye kaunta kuchukua mtungi, yule mama wa koti la buluu alinishika kifundo cha mkono, akavaa miwani.

"Hii mikono umeifanyia nini?"

Vidole vilikuwa vimepasuka kwenye maungio. Mimi nilikuwa nimevizoea, hata nilijivunia kidogo, ushahidi kwamba na mimi nafanya kazi.

"Ni kazi tu, mathe."

"Kazi gani? Unachimba barabara na kucha? Glavu ziko wapi?"

"Glavu zinanipotezea mkono."

"Mkono ndio huo umepotea. Unaweka ungarol kiasi gani?"

Nikamwambia. Aliuliza kama naiuza hiyo. Nikasema naiuza, ya vyombo, ya sakafu, ya mikono.

"Na ya kuoga," nikamalizia.

"Ya kuoga." Alivua miwani. "Sikiza, mami. Ungarol haijui hii ni sufuria na hii ni mgongo. Kazi yake ni kutoa mafuta. Sufuria iko na mafuta ya nyama, mgongo iko na mafuta yake ya kuzaliwa, yote inatoa. Ukiweka kidogo, mtu mzima akijimwagia na kutoka, ngozi inavumilia. Wengi hawatajua hata. Lakini ukizidisha hivyo, na mtu awe na ngozi nyepesi, mtoto hasa, inakauka, inapasuka, anajikuna mpaka damu. Na ukimwosha tena ndio umemmaliza."

"Inaanzia nyuma ya magoti?" nikauliza.

"Eeh. Na hapa ndani ya kiwiko. Kwani umeona mtoto wa nani?"

"Wa jirani," nikasema.

Ona basi. Hata hapo.

Jumamosi ile nilienda Machakos. Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni akiambua mbaazi, na binti yangu alitoka nyuma ya nyumba akiwa amerefuka, akanipa mkono kama anavyopewa mgeni wa kanisa. Aliushika wangu, akaugeuza, akaona vidole.

"Nairobi imekuwasha na wewe?" akaniuliza. Aliniuliza kwa huruma, kama mgonjwa mwenzangu. "Ukikaa hapa wiki mbili itaisha. Mimi iliisha."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinitoka kichwani.

"Haikuwa Nairobi," nikamwambia. "Ilikuwa ile sabuni yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakuchoma. Sikujua, lakini ni mimi."

Mikono ya mama yangu ilisimama juu ya ungo.

"Daktari hakukuuliza sabuni?"

"Aliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Alisema ni ya dukani," binti yangu akajibu kabla yangu. Alikuwa anakumbuka. Alisema bila hasira, kama mtoto anayemsaidia mwenzake jibu darasani.

Mama yangu alirudi kwenye mbaazi zake. Aliambua ganda moja, la pili, la tatu. "Na mimi nikamwambia mtoto kwamba mji umemkataa," akasema, si kwangu, kwa mbaazi. "Miaka miwili namwambia hivyo."

Afadhali angenitukana. Mama yangu ana matusi mazuri ya Kikamba, yana joto lake, ukishatukanwa unajua umesamehewa. Siku hiyo hakunipa hata moja.

Binti yangu alikuwa anafikiri. Anapofikiri huuma mdomo wa chini, amefanya hivyo tangu ana meno mawili.

"Kwa hivyo naweza kuishi Nairobi?"

"Unaweza," nikasema haraka. "Hakuna kitu kitakuwasha. Nitanunua sabuni ya kipande, nimeacha kabisa ile nyingine, hata leo tukitaka tunaweza..."

"Lakini si lazima?"

Nilimtazama mama yangu aniokoe. Aliinamia ungo. Nilikuwa nimekuja kumchukua, nguo zake nilikuwa nimeshazipigia hesabu ya mkoba gani zitaingia. Nilijua nikisema neno moja la mzazi, la amri, angepanda basi. Angeshika kiti kwa mikono miwili, afumbe macho, anyamaze. Angefanya hivyo vizuri sana, mimi ndiye mwalimu.

"Si lazima," nikasema.

Alikubali kwa kichwa, akaenda kufungulia mbuzi.

Siku hizi bado natengeneza sabuni, ya vyombo na sakafu tu, kwa vipimo vya katoni. Chupa nimeziandika kwa kalamu nzito: SI YA KUOGEA. Mama wa kibanda analalamika imelala, namwambia na mimi nimelala, tuko sawa. Wale wawili wa kliniki niliwafuata nyumbani kwao, nikawaambia yote, mmoja akafunga mlango. Yule wa Jamhuri alicheka akasema yake haijamfanya kitu, nikachukua chupa yake ya kioo nikaimwaga mbele yake.

Likizo ya Agosti binti yangu alikuja kunitembelea. Nilikuwa nimenunua vipande vitatu vya sabuni isiyo na harufu, nikavipanga dirishani bafuni. Alivitazama, akatoa chake kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwaitu alisema nije na yangu."

Alioga mwenyewe, mlango ameufunga kwa komeo. Nilisimama nje na taulo ambayo hakuihitaji, kwa kuwa alikuwa amekuja na yake. Kila asubuhi aliniruhusu nitazame nyuma ya magoti. Hakukuwa na kitu. Siku ya pili hakuna, ya tatu hakuna, ya tano ngozi inang'aa. Nilipika mayai, nikapika omena, nikampa kila kitu nilichowahi kumnyima, akala kwa adabu na kusema asante. Mama mwenye ploti alikuja kumwona, akashangaa alivyopona, akasema yeye aliniambia mapema ilikuwa mayai.

Siku ya sita nilimkuta ameketi kitandani, amevaa viatu.

"Mama," akasema, "ninarudi lini?"

"Ukitaka, wiki ijayo. Shule bado."

Aliuma mdomo. Alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kunichoma.

"Kesho ni sawa," akasema. "Kama haitakusumbua."

Nikamwambia haitanisumbua. Nikaenda kutoa nguo zake kwenye kamba, zilikuwa bado na unyevu kwenye mishono, nikazipiga pasi mpaka zikakauka.